Mawe yalianguka usiku, na sasa samaki wanaikimbia taa

Shikamoo mzee wangu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanga hapa hapa Kigoma, na nina kibanda cha vitenge sokoni. Mwaka jana kuna mtu aliyekuwa anahama mji akaniuzia tangi lake la samaki la kioo. Urefu wake ni sentimita 120, upana 45, kimo 50. Wanangu walilipenda tangu siku ya kwanza, na mimi nikirudi jioni nikakaa mbele yake dakika kumi tu, naona uchovu wa siku nzima unaniachia. Nina samaki kumi. Wanane ni weusi wenye madoa meupe kama nyota, wawili ni wembamba wa manjano wenye mistari meusi. Aliyeniuzia alisema wote wamezaliwa ndani ya matangi, hawakuvuliwa, na kwamba wale weusi ni Tropheus duboisi na wale wembamba ni Julidochromis.

Mawe niliyapanga mwenyewe. Nilimwaga mchanga kwanza, kisha nikajenga ukuta upande wa nyuma, nikaupandisha mpaka karibu na juu ya maji, maana nilitaka mtu akiingia sebuleni aone kama mlima. Lilipendeza. Wiki ya tatu, saa nane usiku, tukasikia kishindo. Tulipowasha taa tukakuta ukuta umelala, jiwe moja limepiga kioo cha chini kwenye pembe, na maji yanatiririka hadi kwenye zulia. Tuliwaokoa samaki kwa ndoo na beseni la kufulia, hakufa hata mmoja. Fundi wa vioo akaja akapaka silikoni juu ya ufa, akasema kimepona. Lakini mimi sina imani, kwa hiyo tangu siku hiyo nimeweka maji nusu tu.

Tatizo la pili ni taa. Tangi lilikuja bila taa, nikanunua ile ya LED ya kumulikia uani, wati 50, nikaifunga juu. Naiwasha saa kumi na moja alfajiri nikiamka, naizima saa nne usiku tukienda kulala. Tangi liko chini ya dirisha linalotazama ziwani. Sasa maji yamekuwa kijani kama mlenda, mawe yameota utando wa kahawia, na samaki wamepauka. Wanajibana wote nyuma ya mawe, mtu akisogea wanakurupuka. Samaki niliowanunua ili niwaone, siwaoni.

Mume wangu analalamikia uniti za umeme. Baba mkwe, ambaye amevua dagaa maisha yake yote, ananiambia kila akija: "Samaki wa ziwa hafungwi sebuleni, mrudishe kwao." Nampenda na namheshimu, na maneno yake yameanza kuniingia. Je, niwarudishe ziwani? Au nipange mawe vipi, na ninunue taa gani?

Mama wa Mwanga, Kigoma

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nataka nianze na lile ambalo haliwezi kungoja, yaani ufa.

Silikoni iliyopakwa juu ya ufa wa kioo cha chini haishiki uzito, inaziba maji tu, tena kwa muda. Kioo kilichopasuka pembeni kitaendelea kupasuka siku utakapojaza, na kitachagua usiku mwingine. Tafuta fundi atakayekata kioo kipya cha chini cha milimita 10, atoe kile cha zamani chote, akwangue silikoni ya zamani mpaka kioo kibaki kitupu, ndipo agundishe upya. Silikoni iwe ile ya kawaida inayonuka siki inapokauka, isiyo na dawa ya kuzuia kuvu. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, na dawa hiyo inaua samaki. Mkiiacha ikauke, msihesabu saa, hesabuni siku: wiki nzima ni salama zaidi. Kisha lijazeni tangi nje uani, juu ya mbao zilizonyooka, liachwe siku mbili. Likibaki kavu pande zote, ndipo liingie ndani.

Samaki wakati huo wakae kwenye pipa la plastiki la lita 200 ambalo halijawahi kubeba mafuta wala kemikali, lenye pampu ya hewa na kifuniko cha wavu, maana Tropheus akishtuka anaruka. Na tafadhali, pamoja nao tia humo sponji ya chujio lako na baadhi ya mawe yako ya sasa, yakiwa yamelowa hivyo hivyo. Kwenye ule utelezi wa mawe na ndani ya sponji ndimo wanamoishi bakteria wanaobadilisha uchafu wa samaki usiwe sumu. Ukiyaosha mawe yote kwa maji ya bomba na kuyaanika juani, utakuwa umeanza upya kabisa, na samaki ndio watakaolipa.

Sasa kuhusu kuwarudisha ziwani: hapana. Mwambie baba mkwe kwa heshima zote kwamba nia yake ni njema, lakini njia hiyo ina madhara. Samaki waliozaliwa kwenye tangi wanaweza kubeba maradhi ambayo wenzao wa ziwani hawajayazoea. Lipo na jambo jingine, ambalo yeye mwenyewe mwana wa ziwa atalielewa haraka: Tropheus hawavuki mchanga mpana wala kina kirefu, wanabaki kwenye mawe yao. Ndiyo maana kipande hiki cha mwambao kina Tropheus wa rangi hii, ukivuka ghuba unakuta wa rangi nyingine. Wako hivyo kwa vizazi visivyohesabika, katika ziwa ambalo lenyewe lina umri wa mamilioni ya miaka. Wewe hujui wazazi wa samaki wako walitoka upande gani. Ukiwamwaga Kibirizi au Katonga, unaweza kuchanganya kile ambacho ziwa limekitenga.

Basi wabaki kwako, na wakae vizuri.

Nikwambie ninachokijua na nilikokijulia. Ujana wangu nilikuwa mzamiaji kwa watu waliokuwa na leseni ya kukusanya samaki wa mapambo, na nimeutazama mwambao huu wa mawe kutoka chini kwa miaka mingi. Ukishuka mita tatu hivi siku ya utulivu, kitu cha kwanza unachokiona ni mwanga unaocheza. Jua linapita kwenye viwimbi, linachora mistari myeupe inayotembea juu ya migongo ya mawe. Na hapo juu ya migongo ndipo walipo Tropheus, wameinamisha vichwa, wanakwangua mwani kwa midomo yao iliyotazama chini. Ukiwa kimya utasikia: tik, tik, tik. Ukigeuza shingo ukachungulia chini ya jiwe hilo hilo, unakuta giza. Na ndani ya giza hilo, Julidochromis ametulia tumbo limeelekea jiwe, hata kama jiwe lenyewe ni dari. Anaogelea kichwa chini bila tabu yoyote, kwake sakafu ni popote penye jiwe. Wote wawili wanaishi kwenye jiwe moja, huyu juu kwenye mwanga, yule chini kwenye kivuli.

Kwa hiyo, mwanangu, mawe na taa ni jambo moja. Wewe ulijenga ukuta kwa ajili ya macho ya mgeni anayeingia sebuleni, kisha ukaumulika wote kwa taa ya uwanja. Ukuta hauna juu wala chini. Tropheus hakupata mgongo wa kula, Julido hakupata dari, na wote wakabaki kugombania mwanya mmoja wa nyuma, wakiikimbia taa. Hawakuwa wakikukimbia wewe.

Tuanze na mahali pa kuliweka. Liondoe dirishani. Nyumba zetu zinazotazama ziwa zinapigwa na jua la jioni likishuka upande wa Kongo, na jua hilo likipita kwenye kioo linafanya mambo mawili: linaotesha mwani ndani ya maji, na linapasha moto. Samaki hawa wamezoea maji ya nyuzi 24 hadi 27. Maji yakizidi kupata joto, hewa iliyomo inapungua, na utawaona wanapumua haraka juu juu. Liweke kwenye ukuta wa ndani, mahali ambapo jua halifiki. Na meza uiangalie sana. Nimekupigia hesabu: maji kama lita 230, kioo chenyewe kama kilo 55, mawe tuseme kilo 50. Jumla ni zaidi ya kilo 330, yaani kama magunia matatu ya mahindi yaliyosimama mahali pamoja usiku na mchana. Stendi ya televisheni haiwezi. Chonga meza ya mbao ngumu au ya chuma, ipimwe kwa pimamaji pande zote, na juu yake tandika ile karatasi nyeupe nene nyepesi inayokuja ndani ya maboksi ya friji na televisheni. Inameza vijiwe na vipindapinda vidogo ambavyo vingekisumbua kioo.

Kipande kingine cha karatasi hiyo hiyo kiweke ndani ya tangi, chini kabisa, mahali mawe yatakapokaa. Mawe ya msingi yakae juu yake moja kwa moja. Mchanga unafuata baadaye, unamwagwa kuzunguka mawe mpaka uifunike karatasi.

Hapo ndipo kosa lako kubwa lilipokuwa, na ni kosa la watu wengi: mchanga ulitangulia. Samaki hawa wanachimba. Kila siku wanachota mchanga kwa midomo na kuutema pembeni, hasa wakitaka kupanua pango. Jiwe lililokaa juu ya mchanga linachimbwa chini yake kidogo kidogo, wiki ya kwanza linainama, ya pili linateleza, ya tatu linaanguka. Wiki zako tatu ndizo hizo. Mchanga hauhitaji kuwa mwingi, sentimita tatu zinatosha.

Namna ya kukalisha jiwe unaijua tangu utotoni, umeifanya kila siku jikoni. Sufuria juu ya mafiga haliyumbi kwa sababu linagusa mahali patatu. Likigusa mawili, ubwabwa unamwagika. Kila jiwe unaloweka juu ya mengine liguse mahali patatu. Ukiliweka, lisukume kwa kidole kwenye kila pembe. Likicheza hata kidogo, ligeuze, tafuta tako lake. Kila jiwe lina tako, upande ambao likikalia linatulia lenyewe. Unaweza kutumia jioni nzima kwa mawe kumi na mawili, na jioni hiyo haipotei. Yapange kwanza nje sakafuni, kwenye mstatili wa sentimita 120 kwa 45 uliochora kwa chaki, mpaka uridhike, ndipo uyahamishe moja moja.

Makubwa na mapana yawe chini, madogo juu. Kilele kisizidi theluthi mbili ya kimo, kwako ni kama sentimita 33. Ukuta uache. Jenga vichuguu viwili visivyolingana, kimoja kikubwa upande wa kushoto au kulia, kingine kidogo upande wa pili, katikati ubaki uwanja wa mchanga. Sababu yake si urembo peke yake. Tropheus dume mkubwa anataka kutawala kila anachokiona, na kwenye ukuta mmoja anaona kila kitu. Vichuguu viwili vinakata macho yake, aliyefukuzwa anapata pa kugeukia. Wanane ni wachache kidogo kwa samaki wa aina hii, kwa sababu fujo za mkubwa zinagawanywa kwa wachache. Baadaye ukiongeza wawe 12 au zaidi, waingie wote siku moja, na siku hiyo hamisha mawe machache ya juu ya kichuguu kikubwa ili kila mmoja ajione mgeni.

Acha nafasi ya sentimita sita hivi kati ya mawe na kioo pande zote, mkono wako na sponji vipite. Mapango yawe na milango miwili. Pango la mlango mmoja ni mtego: samaki mnyonge akifuatwa humo hatoki, na akifia humo hutamwona mpaka maji yaharibike. Wale Julido wawili wafanyie mianya myembamba chini kabisa ya kichuguu kidogo, kiasi cha vidole viwili kuingia, yenye dari bapa. Na juu ya kichuguu kikubwa weka mawe mawili matatu yenye mgongo mpana uliolala, yakitazama juu. Hilo ndilo shamba la Tropheus.

Mawe ya kuongeza utayapata wapi? Sitaki uyatoe ziwani. Ndani ya hifadhi, Gombe na Mahale, huruhusiwi kugusa chochote, lakini hata nje ya hifadhi jiwe la ufukweni lina wenyewe chini yake. Vivyo hivyo makombe ya konokono, wapo samaki wadogo wanaoishi na kuzaa ndani yake. Nenda kwa wanaouza mawe ya ujenzi, wale wanaomwaga tripu za mawe ya msingi. Omba wakuruhusu uchague, watakuchekea kidogo lakini watakubali. Chagua yale yaliyolainika kingo. Yenye kingo kali yasugue kwa jiwe jingine, maana Tropheus wakifukuzana wanajikwangua. Yenye mistari ya kutu au inayong'aa kama chuma yaache. Dondoshea siki au ndimu: likitoa povu, lina chokaa. Kwa samaki wengine hilo ni tatizo, kwa wa Tanganyika si tatizo, maji ya ziwa letu yenyewe ni magumu, yaani yana madini mengi, na yana hali ya magadi, pH yake inakaribia 9.

Mawe mapya yaoshe kwa brashi na maji ya moto, bila sabuni hata tone. Usiyachemshe wala usiyaweke motoni. Mimi niliwahi kuweka jiwe la mtoni kwenye jiko la mkaa nikidhani naua vijidudu. Maji yaliyojificha ndani yake yakageuka mvuke, jiwe likapasuka kwa mlio, kipande kikanichana mkono. Kovu ninalo mpaka leo, na mtoto wangu alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Ukitaka kuwa na uhakika, baada ya kuyaosha yaanike juani wiki moja.

Mawe ya juu ambayo bado huna imani nayo, yagundishe kwa ile silikoni inayonuka siki, mawe yakiwa makavu kabisa, na uiache ikauke siku kadhaa. Sioni aibu yoyote katika gundi. Jiwe lililogundishwa halimwamshi mtu saa nane usiku.

Sasa taa. Nataka uelewe kwanza kwamba samaki wako hawahitaji taa kali. Mimea ndiyo inayohitaji, na wewe huna mimea. Taa kwenye tangi lako ina kazi mbili: kuwaonyesha samaki kwa macho yako, na kuotesha mwani kidogo juu ya yale mawe ya mgongo mpana. Taa ya uwanja ya wati 50 inatoa zaidi ya mara mbili ya kinachohitajika, tena yote inadondoka mahali pamoja. Ukichanganya na saa 17 za kuwaka na jua la dirishani, mwani umepata karamu. Ukijani wa maji yako umetoka hapo. Utando wa kahawia usikutishe, unatokea karibu kila tangi jipya na huisha wenyewe.

Nunua tyubu mbili za LED za futi mbili, wati 9 kila moja. Zinapatikana maduka ya umeme hapa mjini, huhitaji kuagiza taa maalumu kutoka mbali. Kwenye boksi tafuta maandishi 6500K. Hiyo ni rangi ya mwanga wa mchana, nyeupe safi. Zilizoandikwa 3000K zina unjano wa taa za chumbani, na zitayafanya maji masafi yaonekane kama ya matope. Zipo nyeupe zinazoelekea bluu, 10,000K, na wengine wanazipenda kwa sababu kina cha maji kinameza wekundu kwanza na kuacha ubluu, kwa hiyo tangi linaonekana kama uko chini kabisa. Kwa macho yangu, ubluu ukizidi Julido anapoteza manjano yake, na manjano hayo ndiyo uzuri wake. Baki na 6500K.

Funga moja juu ya kichuguu kikubwa, ya pili upande mwingine, kila moja na swichi yake. Zisogeze mbele, karibu na kioo cha mbele, usiziweke katikati. Mwanga ukitoka mbele unawapiga samaki ubavuni, unaziona rangi, na kivuli kinaangukia nyuma na ndani ya mapango, pale kinapotakiwa. Wiki mbili za kwanza washa ile ya kichuguu kikubwa peke yake, upande wa pili ubaki nusu giza. Utashangaa: kadiri wanavyokuwa na pa kujificha na kivuli cha kutosha, ndivyo wanavyotoka zaidi. Samaki anayejua mlango wake uko wapi haogopi kusimama uwanjani.

Saa nane kwa siku zinatosha. Kwa kuwa wewe hurudi jioni, iwashe saa nane mchana, izime saa nne usiku. Nunua taima ya kuchomeka kwenye soketi ifanye kazi hiyo yenyewe, maana wewe uko kibandani. Mchana wote mwanga wa chumba unawatosha. Usiku, taima ikizima, taa ya sebule ibaki inawaka dakika kumi na tano zaidi, samaki wapate muda wa kuingia ndani. Giza la ghafla linawafanya wakurupuke na kujigonga kwenye mawe, na mwanga wa ghafla vivyo hivyo.

Mume wako mpigie hesabu hii. Taa ya wati 50 kwa saa 17 inakula uniti 25 na nusu kwa mwezi wa siku 30. Tyubu mbili za wati 9 kwa saa nane zinakula uniti nne na kidogo. Nadhani mazungumzo yataisha hapo.

Usalama wa umeme usiuchezee. Juu ya tangi weka kioo cha kufunikia cha milimita 4, tyubu zikae juu ya kioo hicho zisirushiwe maji. Kila waya unaotoka kwenye tangi ushuke kwanza chini kuliko soketi, ndipo upande, ili tone likiteremka na waya lidondoke sakafuni lisiingie kwenye soketi. Na kabla ya kutia mkono majini, chomoa. Wafundishe wanao hilo kabla ya kuwafundisha majina ya samaki.

Maji badilisha robo kila wiki. Ya bomba yakae kwenye ndoo iliyo wazi saa 24 klorini iondoke. Chakula kiwe cha majani zaidi, kidogo, mara mbili kwa siku. Ukiwapa Tropheus nyama au chakula cha mafuta mengi wanavimba tumbo na kufa, nimeona tangi zima likiisha hivyo kwa siku chache.

Nabaki na baba mkwe. Mtu aliyevua dagaa maisha yake yote anawajua samaki kwa upande wa juu wa maji, usiku, kwa taa ya karabai. Huyo mtu anajua taa inawafanya nini samaki kuliko mimi na wewe. Siku ya kupanga mawe mwite. Mpe kiti karibu na ule mstatili wa chaki, mwambie akuonyeshe mawe ya pwani anayoijua yeye yamelalaje, lipi limeegemea lipi. Usimbishie kuhusu kufunga samaki sebuleni. Mwachie ayasukume mawe kwa mkono wake aone kama yanayumba.

Lingine la mwisho. Ikifika siku ukaona wale Julido wawili wamekaa kwenye mwanya mmoja, wanamfukuza kila anayesogea, hata Tropheus mkubwa kuliko wao, basi wana mayai au watoto ukutani mwa pango. Kuanzia siku hiyo usiliguse jiwe lolote la kichuguu kile, hata kama mwani umelifunika, hata kama unaona lingekaa vizuri likigeuzwa. Ukihamisha mawe yao, wawili hao wanaweza kuachana na kupigana mpaka mmoja afe, kana kwamba hawakuwahi kujuana. Safisha kioo cha mbele tu, zima taa ya upande wao mapema kidogo, na uniandikie umewahesabu watoto wangapi.